Kwenda Krismasi kwa Gari-Nyumba: Ondoka na Mabomba Makavu

Aliyekulia Moshi anajua Desemba ilivyo. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa siku nyingi kabla, magari madogo hupanda Kilimanjaro yakiwa yamelalia matairi kwa mizigo, na mtu asiyeonekana migombani siku ya Krismasi huulizwa kama anaumwa. Desturi hiyo haifi kwa sababu umevuka bahari. Mimi naishi kaskazini mwa Minneapolis, dada yangu yuko karibu na Dallas, na mama anapokuja kututembelea kipindi hiki lazima watoto wake wote wale meza moja. Kati ya nyumba zetu mbili kuna barabara moja tu, I-35, takriban maili 950, yaani kilomita zaidi ya 1,500.

Tulichagua gari-nyumba kwa sababu mbili. Magoti ya mama hayavumilii kukunjwa saa nyingi bila kusimama, na nyumba ya dada haina vitanda vya watu wote. Gari-nyumba linakuwa basi la familia njiani, na likifika linakuwa chumba cha wageni. Ninayoandika hapa yanahusu zaidi lile lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, ambalo familia nyingi hukodi, lakini mengi yanafaa hata kwa la kuvutwa. Kama unasafiri kutoka Chicago, Des Moines au Buffalo kwenda kusini kwa ndugu zako, badilisha majina ya miji tu.

Kwanza ujue hivi: gari hili limejengwa kwa ajili ya Julai. Ukuta wake hauzidi sana unene wa vidole viwili. Mabomba ya maji yamepita chini ya sakafu na nyuma ya makabati, mahali ambapo hewa ya joto haifiki vizuri. Yapo machache yaliyojengwa kwa baridi, yenye matenki yaliyofunikwa na kupashwa joto, lakini usiamini neno la kwenye tangazo. Muulize mwenye gari: tenki la maji safi liko wapi, ndani au chini? Vali za kumwagia maji machafu ziko wapi? Akijibu kwa kubabaika, hesabu kwamba gari hilo haliwezi kubeba maji kwenye baridi kali.

Maji

Watu huogopa theluji barabarani, na wana haki. Lakini kinachoharibu safari nyingi za Desemba ni maji yaliyo ndani ya gari lenyewe. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba la plastiki lililojaa halina pa kuyapeleka. Halipasuki kwa kelele. Linapata ufa, barafu inauziba ufa huo, na wewe unaendesha siku mbili bila kujua. Utajua siku itakapoyeyuka, yaani ukishafika kwa ndugu zako.

Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni huu: ondoka kaskazini na mabomba makavu, na usijaze tone mpaka ufike penye joto. Usijaribu kushindana na baridi kwa kuwasha hita mchana kutwa ili mabomba yasigande.

Kazi yenyewe inachukua kama saa mbili, na ifanye mchana. Mwaga maji yote ya tenki la maji safi. Zima hita ya maji, uiache ipoe kabisa, kisha ndipo ufungue kizibo chake cha chini. Ukikifungua ikiwa moto au ikiwa bado na shinikizo, maji yatakurukia na kukuunguza. Zungusha vali za nyuma yake ili isiingizwe tena kwenye mzunguko, la sivyo utapoteza galoni kadhaa za dawa kuijaza bure. Kisha chomeka mpira wa pampu kwenye dumu la dawa ya kuzuia mabomba yasigande, ile ya rangi ya waridi inayouzwa kwa ajili ya magari-nyumba. Washa pampu, ufungue bomba moja baada ya jingine, upande wa moto na wa baridi, ukianzia lililo karibu na pampu, mpaka uone rangi ya waridi inatoka. Choo pia. Halafu mimina kikombe kimoja cha dawa kwenye kila tundu la kutolea maji, kwa kuwa kile kiko cha bomba chini ya sinki hubaki na maji. Madumu mawili au matatu ya galoni moja hutosha gari la kawaida.

Soma chupa kabla hujanunua. Dawa ya waridi ya magari-nyumba kwa kawaida hutengenezwa kwa propilini glaikoli na hukubalika kwenye mabomba ya maji ya kunywa. Dawa ya injini, ambayo mara nyingi ni ethilini glaikoli, ni sumu. Isiguse kamwe mfumo wa maji ya familia, hata kama imebaki nusu dumu gereji na unaona uchungu kununua nyingine.

Mwaka wetu wa kwanza nilifungua kila bomba nililoliona. Sikufungua bomba la kuogea la nje, lililojificha nyuma ya kijimlango ubavuni mwa gari, kwa sababu hatujawahi kulitumia. Tulipofika Dallas nikajaza maji, nikasikia pampu hainyamazi ingawa mabomba yote yamefungwa. Nikapitisha mkono chini ya sinki. Ubao wa kabati ulikuwa umelowa na umeanza kuvimba kama mkate kwenye chai. Kiungo cha plastiki, ukubwa wa kidole gumba, kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Tangu siku hiyo nina karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango yenye orodha ya kila bomba, na mwanangu mkubwa hutia alama kwa kalamu tunapolimaliza. Pampu yako ikilia bila kunyamaza, usingoje, izime na utafute maji yanapovujia.

Sasa utauliza, tutaishije siku tatu bila maji ya bomba? Hapa sisi tuliokulia na ndoo na kopo tuna ujuzi ambao majirani zetu wengi hawana. Weka ndani madumu matatu ya lita 10, yafunge yasitambae unapokata kona. Maji ya kunywa na chai yatoke humo. Kunawa ni kwa beseni na kopo. Kwenye choo usimimine maji, mimina dawa ya waridi kidogo kwa kopo, na mkiweza tumieni vyoo vya vituo vya mapumziko njiani. Maji ya beseni yakiingia kwenye sinki, yafuatishie kikombe cha dawa ili tenki la maji machafu lisigande. Kuyamwaga chini ni kosa kisheria mahali pengi, na kwenye maegesho hugeuka barafu ya kumwangusha mtu.

Mama yangu, ambaye alibeba maji kichwani utoto wake wote, ndiye aliyewafundisha wajukuu kunawa uso kwa nusu kopo. Walifurahia kuliko bomba.

Joto na pumzi

Hita ya gari-nyumba hutumia gesi ya propani, na propani ni rafiki wa baridi: huendelea kutoa mvuke mpaka nyuzi -42 za Selsiasi. Butani, iliyomo kwenye mchanganyiko wa mitungi ya jikoni tuliyoizoea Tanzania, huacha kutoa mvuke karibu na nyuzi 0. Kwa hiyo gesi yenyewe haitakuangusha. Kinachoangusha watu ni hesabu. Mtungi wa kilo 9 uliojaa hulisha hita ya ukubwa wa kawaida, ile ya BTU 30,000 kwa saa, kama saa 14 tu ikiwaka mfululizo. Usiku wa baridi kali hita hupumzika kidogo sana, hivyo usitegemee mtungi mmoja zaidi ya siku moja na ushee. Jaza kila unapopata nafasi, usisubiri geji ishuke.

Na hita haiwaki kwa gesi peke yake. Feni yake inakula umeme wa betri usiku kucha, na betri ya kawaida ya asidi hupoteza nguvu nyingi baridi ikizidi. Watu huamka saa 9 usiku wakitetemeka, mtungi umejaa, betri imekufa. Ipime kabla ya kuondoka, na kama ni kuukuu, ibadilishe. Mwenye betri ya lithiamu ajue kwamba haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0. Iwe mahali pa joto au iwe na hita yake.

Jambo ninalokuomba ulishike kwa mikono miwili: usiwashe jiko la gesi ili kupasha gari joto. Wala usilale na jenereta inanguruma huku theluji imerundikana kwenye bomba lake la moshi. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Familia nzima ikianza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, hiyo si mafua. Tokeni nje wote, hata kama ni saa 8 usiku na mko na soksi, ndipo mpige 911. Bonyeza kitufe cha kengele ya kaboni monoksidi mbele ya familia kabla ya safari ili kila mtu aujue mlio wake, na angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma yake, maana kengele hizi huzeeka. Kengele ya gesi ni nyingine, nayo hukaa karibu na sakafu kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini. Usiizibe kwa mabegi.

Unapoendesha, funga gesi kwenye mtungi. Kwa kuwa mabomba ni makavu, hakuna kitu nyuma kinachohitaji joto isipokuwa watu, na watu wana mablanketi. Na watu hao wakae kwenye viti vyenye mikanda, wamejifunga. Najua watoto wanataka kulala kile kitanda cha juu gari likitembea. Waambie hapana.

Usiku, tenga sehemu ya dereva na blanketi zito, kwa sababu vioo vile vikubwa ndivyo mlango wa baridi. Vioo vingine vizibe kwa zile karatasi nene za kung'aa. Kisha fanya jambo linaloonekana la kipumbavu: fungua kidogo tundu la hewa la darini, upana wa kidole. Watu watano wakilala, na birika likichemka, pumzi yote hiyo hugeuka maji kwenye kuta baridi. Asubuhi moja huko Iowa niliinua godoro la watoto. Juu lilikuwa kavu kabisa, upande wa chini umelowa kama limeanikwa mvuani. Siku hizi tunaweka wavu mgumu chini ya godoro ili hewa ipite, na kila asubuhi kuna mtu wa zamu wa kufuta vioo kwa taulo.

Njiani

Mwishoni mwa Desemba jua la Minneapolis huchomoza karibu saa 2 kasoro robo asubuhi na kuzama saa 10 na nusu jioni. Siku haifiki hata saa 9. Endesha ndani ya mwanga huo. Gari dogo hufika Dallas kwa saa 14 au 15 na madereva wawili wa kupokezana, lakini wewe unaendesha nyumba. Sisi hulala ya kwanza Des Moines, ya pili Wichita au karibu yake, ya tatu kwa dada. Siku ya nne tunaiweka mfukoni.

Bustani nyingi za kambi za Minnesota na Iowa hufungwa au hukata maji baridi ikianza, kwa hiyo usitegemee kuchomeka umeme usiku wa kwanza. Vituo vikubwa vya malori hupokea magari-nyumba, na baadhi huuza gesi na vina pa kumwagia maji machafu. Kwenye maegesho ya maduka, ingia ndani umuombe meneja. Wengine hukubali, wengine mji wao hauruhusu.

Kila asubuhi, kabla ya chai, angalia hali ya barabara. Kila jimbo kwenye njia hii lina huduma ya taarifa za barabara, na Minnesota na Iowa unapiga 511 tu. Pima upepo wa matairi yakiwa ya baridi. Tairi hupoteza kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi joto linaposhuka, kwa hiyo tairi ulilojaza Oktoba limelegea Desemba, na lile ulilojaza Minneapolis litakuwa limezidi ukifika Dallas.

Kuna vitisho viwili ambavyo watu wa kaskazini hawavitarajii. Cha kwanza ni upepo wa Kansas. Baada ya Emporia barabara inapita kwenye vilima vya Flint Hills, pasipo mti wa kukinga, na ubavu wa gari-nyumba ni kama tanga la jahazi. Punguza mwendo, shika usukani kwa mikono miwili, na upepo ukikusukuma nje ya mstari wako, toka barabarani utafute pa kusimama.

Cha pili ni barafu ya kusini. Unapoingia Texas moyo unashuka, unadhani baridi umeiacha nyuma. Tarehe 11 Februari 2021, pale Fort Worth, kwenye I-35W, mvua ya barafu iliangukia njia iliyoinuliwa kabla hakujapambazuka. Magari zaidi ya 130 yaligongana na watu 6 walikufa. Ni barabara hiihii, kwenye lile tawi la magharibi linalochepuka Denton. Daraja huganda kabla ya barabara ya kawaida kwa sababu hewa baridi hulipitia juu na chini, na barafu yake haionekani, ni kama lami iliyolowa. Joto likiwa karibu na nyuzi 0 na kuna unyevu, usitumie mtambo wa kushikilia mwendo, na usikanyage breki juu ya daraja.

Ukikwama, baki na gari. Sepetu, mchanga, mablanketi, chakula na maji ya siku tatu viwe ndani, visifungiwe kwenye sanduku la nje ambalo mlango wake huganda. Ondoa theluji kwenye bomba la moshi la injini na kwenye tundu la hita kabla hujawasha chochote. Ukipiga 911, soma namba ya maili iliyo kwenye kibao cha pembeni. Ndiyo anwani yako.

Lakini hatari niliyoiona kubwa kuliko zote hutoka kwenye simu. Mwaka juzi tulikuwa Albert Lea, karibu na mpaka wa Iowa. Upepo ulikuwa unapeperusha theluji kukatiza barabara kama vumbi la Dodoma, malori yamewasha taa za dharura, mimi nimesimama kituoni nahesabu kama naweza kujaribu. Dada akapiga. "Mko wapi? Wageni wameshaanza kuingia, na mbuzi ameshachinjwa." Nikasikia mdomo wangu unaanza kusema tunakuja. Mama akanyoosha mkono, akachukua simu. "Mwanangu, hiyo nyama iwekeni kwenye friza. Sisi leo tunalala hapa." Akaikata, akaomba chai. Upepo haukutulia mpaka kesho yake mchana.

Kwa hiyo, kabla hujaondoka, wapigie unaowaendea uwaambie utafika kati ya tarehe 21 na 24, na usitaje saa. Waambie wazi kwamba ikibidi mtakula Krismasi tarehe 26. Kwa watu wetu hilo ni gumu kulisema, maana mgeni anayesubiriwa ni heshima. Liseme mapema, kwa upole, ili usije kulisema ukiwa kwenye kituo cha mafuta na moyo unadunda.

Ukifika, na ukirudi

Muulize mwenyeji wako mapema kama mtaa wake unaruhusu kuegesha gari-nyumba. Vitongoji vingi huko vina masharti. Soketi ya kawaida ya gereji hubeba ampea 15 au 20, na hita ndogo ya umeme ya wati 1,500 peke yake hula zaidi ya 12. Chomeka hita moja tu, kwenye nguvu ya chini, kwa ekstensheni nene ya kutumika nje. Suuza dawa kwenye mabomba mpaka maji yatoke safi, ndipo ujaze. Chumvi ya barabarani ioshe chini ya gari siku ya kwanza ya jua, maana hula vyuma. Na utabiri ukitaja nyuzi chini ya 0, chomoa mpira wa maji, uumwage na uuingize ndani, hata kama ni Texas.

Kurudi ni kazi ileile kinyume, na watu huichukulia poa kwa kuwa sherehe zimekwisha. Kausha mabomba ukiwa bado kwa dada, kwenye joto, usingoje Oklahoma. Kama gari lako ni la dizeli, usifike Minnesota na dizeli ya Texas tenkini. Ile haikuchanganywa kwa baridi kali, na huweza kuganda kama mafuta ya nazi hadi izibe chujio. Ipunguze njiani, ujaze tenki Iowa.

Ukishaegesha nyumbani, kabla hamjashusha mizigo, mpe mtoto ile orodha ya mlangoni na kalamu, mkazungukie mabomba mara ya mwisho, pamoja na lile la nje. Yote yakitoa waridi, fungeni gari mwingie ndani kulala.